Mashine Iliyoomba Kufutwa

Bi Shuhuda alisema hakugusa kitu. Alisema alikuwa amekaa kwenye kigoda cha mlangoni, analinda duka kama alivyoombwa, umeme ukakatika, ukarudi, na kompyuta ikajiwasha yenyewe kama mtu aliyeshtuliwa usingizini. Ikawa nyeusi, ikawa buluu, ikamwambia karibu. Halafu ikaanza kula.

"Kula nini?"

"Kula! Palikuwa na mstari unajaa, unajaa, kama chupa chini ya bomba. Nikasema, haya, mashine imepandisha mashetani. Nikachomoa waya ukutani. Mwingine angetimua mbio, mwanangu, lakini mimi siwezi kuacha duka la watu."

Bi Shuhuda alikuwa msusi wa chumba cha pili. Jina hilo alipewa kwa sababu hapakuwa na jambo mtaani asilolishuhudia, na lile ambalo hakuliona alilisimulia vizuri zaidi.

Sindano alimsikiliza akiwa bado ameshika mfuko wa nyuzi alizotoka kununua. Hilo nalo lilikuwa jina la utani, alilopewa na mama yake mdogo kwa wembamba wake na kwa kupita mahali bila kelele. Shule aliishia la saba. Kudarizi alifundishwa na mama mdogo, kompyuta akafundishwa na kaka yake, mtoto wa huyo huyo mama mdogo, ambaye sasa alikuwa mbali kwenye kambi ya wachimba visima.

Akaweka mfuko chini, akawasha kompyuta, akasubiri menyu.

Siku zote menyu ilikuja na mistari miwili: CHA MAMA na CHANGU. Kaka ndiye aliyeyaandika majina hayo alipoweka mifumo miwili ndani ya kompyuta moja. Kompyuta ni nyumba, alisema, na hivi ni vyumba. Cha Mama kilikuwa mfumo wa zamani, ambao ndio pekee uliosikilizana na programu ya kuchorea darizi. Changu kilikuwa mfumo mpya, wa masomo yake. Menyu ilihesabu kumi kurudi nyuma, kisha ikaingia kwa Mama yenyewe.

Safari hii haikuhesabu. Kioo kilibaki cheusi, na mstari mmoja mweupe ukasema kwamba sehemu iliyotafutwa haipo.

Akazima, akawasha. Haipo. Akasimama, akapanga vigurudumu vya nyuzi vilivyokuwa vimeshapangwa, akarudi kukaa. Akazima, akawasha. Haipo.

"Labda imechoka," alisema Bi Shuhuda.

Ndani ya Cha Mama kulikuwa na michoro ya miaka kumi na moja: maua, mizabibu, kola, pindo za mashuka, yote kazi ya mkono wa mama mdogo. Tangu macho yake yaingie ukungu mwaka uliopita hakuchora tena hata jani. Leo alikwenda kufunguliwa bandeji ya jicho lililopasuliwa. Angerudi saa tisa, na asubuhi alipokuwa anatoka alisema, "Kitu cha kwanza nitakachokitazama kwa jicho hili ni ua langu la kwanza. Nyie sura zenu nimeshazizoea."

Ukutani ilikuwa saa sita na nusu.

Ndipo Sindano alipoona flashi ubavuni mwa kompyuta. Nyekundu. Akavuta droo. Humo mlikuwa na flashi nyingine, nyekundu vile vile, ikiwa na fundo la uzi mweupe. Hiyo ya uzi ndiyo ya kubebea michoro kwenda kwenye cherehani ya darizi. Isiyo na uzi ilikuwa ya kaka, ya kusakinishia mifumo. Asubuhi alichomeka bila kutazama. Umeme uliporudi, kompyuta ilianzia pale, kwenye flashi, si kwenye diski.

Akapiga simu, ikakata. Akapiga tena. Mara ya tano kaka akapokea, upepo ukivuma nyuma yake.

"Sindano! Kuna msiba?"

"Bado," alisema, akaiweka simu kwenye spika, akamweleza.

"Sikiliza. Usikubali kusakinisha chochote. Sasa mashine imerudi kuanzia kwenye diski, ndiyo maana unaona mstari huo. Acha flashi yangu hapo hapo, washa, na ubonyeze F12 harakaharaka kabla haijaamka vizuri. Itakupa menyu ya mashine yenyewe, siyo ile yetu."

Mara ya kwanza alichelewa, ukaja ule mstari mweupe. Mara ya pili akawahi mno. Mara ya tatu akagonga kitufe mfululizo kama mtu anayebisha mlango wa mganga, na orodha ikatokea: diski, flashi. Akachagua flashi.

Kioo kikawa buluu. KARIBU. Chini yake vitufe viwili, vyote kwa Kiswahili, maana kaka aliviweka hivyo kwa ajili ya mama yake: JARIBU BILA KUSAKINISHA, na ENDELEA.

"Huyo huyo!" alipayuka Bi Shuhuda juu ya bega lake. "Sasa ukibonyeza Endelea mara mbili, inakuja ile inayoomba kufutwa."

Sindano akageuka taratibu. Bi Shuhuda akaanza kuvutavuta kanga yake.

"Ilikuwa imeandikwa, mwanangu. 'Futa diski.' Na kweli ina vumbi! Nikachukua kitambaa, nikafuta kioo, nikafuta na lile sanduku mpaka likang'aa. Bado inaomba. Ikauliza, una hakika unataka kufuta? Nikasema, hivi nani hana hakika na usafi? Nikabonyeza Ndiyo."

"Bi Shuhuda," alisema kaka, "mstari ule ulijaa mpaka wapi ulipochomoa waya?"

"Haukufika mbali."

"Nusu? Robo?"

"Kidole kimoja na nusu. Cha kwangu, siyo cha Sindano, yeye vidole vyake njiti."

"Heri ulichomoa."

"Si nimesema! Nimeokoa duka!"

"Sindano, nisikilize. Kilichong'olewa ni vibao vya milangoni. Vitu vinaweza kuwa bado vyumbani, ila pale mgeni wa kwenye flashi alipokwisha kuingiza mizigo yake, vya mwanzo vimekandamizwa. Na chumba cha Mama ndicho kilichokuwa cha mbele." Akasita. "Alivyoviweka mwanzo ndivyo vilivyokaa mlangoni."

Alimwelekeza abonyeze Jaribu, afungue programu ya kuokolea mafaili, aiache itambae kwenye diski nzima. Yatakayopatikana yatakuja bila majina, namba tupu. Yakikusanyika machache ayahamishie kwenye flashi ya uzi, akayatazame kwenye kioo kidogo cha cherehani. Kabla hajamaliza kumwambia la kufanya yakikosekana, mtandao ukakata.

Saa saba na dakika kumi yalikuwa kumi na mawili. Sindano alichomoa flashi ya uzi, akaichomeka kwenye cherehani. Namba moja ilikataa kufunguka. Namba mbili ilikuwa mzabibu, nusu yake, umekatwa kama kwa mkasi. Namba tatu ilikuja nzima: pindo la shuka, lenye ndege. Akavuta pumzi.

Ua la kwanza alilijua hata gizani. Lilikuwa na petali saba, na ya saba fupi, kwa sababu mama mdogo alikosea kuhesabu mishono na akakataa kusahihisha. "Nimelizaa hivyo," alisema.

Akawa wa kwenda na kurudi. Kompyuta, cherehani, kompyuta. Kola. Ndege. Herufi za sare. Maua mengi, yenye petali tano, sita, nane. Bi Shuhuda alimfuata nyuma kwa nyuma akihesabu petali kwa sauti, akikosea, mpaka akaambiwa akae. Akakaa, akasimama.

Saa tisa kasoro robo walisikia vicheko vya dereva anayemshusha mtu, kisha sauti anayoifahamu kila mtu pale ikiuliza kwa nini kigoda kimewekwa njiani.

Mama mdogo aliingia akiwa na miwani myeusi. Aliivua. Jicho lilikuwa jekundu kidogo, lakini lilikwenda moja kwa moja kwenye kompyuta.

"Nani kaifuta vizuri hivi? Naona mpaka vumbi halipo!"

Bi Shuhuda akakumbuka kwamba ameacha mteja na kichwa nusu. Mlango ukajifunga nyuma yake.

Mama mdogo alikaa mbele ya cherehani, akaweka mikono magotini kama mtoto anayengoja kupigwa picha.

"Haya, Sindano, mwanangu. Nifungulie ua langu."

Kwenye kioo kidogo kulikuwa na namba thelathini na nane, kola; ua la petali saba lilikuwa bado halijatokea. Sindano akabonyeza mbele. Kola nyingine. Akabonyeza tena.