Dripu ya Sifongo

Shangazi alikuwa amelazwa kwa uvimbe wa titi. Mtoto wa kaka yake, mkemia, alimwonyesha chupa ya dripu.

"Dawa hii asili yake ni sifongo, Shangazi. Mnyama wa chini ya bahari."

"Sifongo? Mmenitilia maji ya kuoshea vyombo?"

Wakacheka mpaka nesi akachungulia. Kisha ubaridi ukampanda Shangazi mkononi taratibu, kope zikawa nzito. Akajiona ameketi chini ya bahari, mwanga wa kijani ukimwagika kutoka juu, na viumbe laini wenye matundu wakivuta maji na kuyatoa bila haraka, hadi naye akapumua kama wao. Hakuumia popote.

Alipofumbua macho, mkemia alikuwa bado ameushika mkono wake.

"Mwanangu," alinong'ona, "nina njaa."

Hakuwahi kusema hivyo tangu augue. Mkemia alikimbilia jiko la hospitali huku machozi yakimtoka.