Ngazi za Nyuma ya Mnara

Mwenye bucha hakuwa mtu wa matembezi. Siku zake alizimalizia nyuma ya meza ya zege, shoka mkononi, na siku ya mapumziko alilala kama gogo. Safari ya mji wa kale aliipanga mkewe, mkunga, aliyemwambia kwamba binti yao atamaliza shule na kuondoka bila kumjua babake zaidi ya harufu ya sabuni anayonawia. Siku ilipofika, mkunga akaitwa zamuni. Basi baba akabaki na watoto wawili, mfuko wa mikate na viatu vipya vilivyombana vidole.

Binti alikuwa wa kidato cha tatu. Nyumbani walimwita Shangazi, maana tangu mdogo alipenda kuwapanga wakubwa zake. Mdogo wake, wa darasa la tano, aliitwa Redio, na asiyejua sababu angekaa naye dakika chache tu aielewe.

Asubuhi ilikwenda vizuri. Walipita chini ya lango la ngome, wakazunguka vichochoro vyembamba ambavyo watu wawili wakikutana, mmoja hugeuka ubavu ili mwenzake apite. Shangazi alimsimamisha babake kando ya mzinga wenye kutu, akamwambia atabasamu kama mtu ambaye hajashikiwa bunduki. Juu ya ukuta mwongoza wageni aliwasimulia vita vya zamani, jinsi walinzi walivyomwaga mafuta ya moto juu ya adui na kutundika vichwa vya mateka langoni. Redio akauliza kichwa hutundikwa muda gani kabla hakijaanza kunuka. Mwongoza wageni akakohoa. Baba ndiye aliyejibu, kwamba inategemea jua na shingo imekatwa wapi. Wageni wakacheka, na Redio akawatazama mmoja mmoja ili wote wajue kwamba yule ni babake. Mwenye bucha alijisikia kuwa mtu mkubwa, jambo lililokuwa halijampata siku nyingi.

Walipotaka kushuka, ngazi za mbele zilikuwa zimejaa wanafunzi wa shule nzima. Wakashika zile za nyuma ya mnara. Zilikuwa nyembamba, zimelika katikati, na kuta mbili zilizibana pande zote. Shangazi alitangulia, simu mkononi, akitazama picha zake.

Chini walikuwa wamesimama vijana wawili. Mmoja aliinyakua simu. Shangazi hakuiachia, akaivuta kwake kwa mikono miwili, na yule kijana akatoa kisu kifupi na kumchana mkono kutoka kiwiko hadi karibu na kiganja.  Binti alibaki akiitazama nyama yake ilivyofunguka, nyeupe kwanza, kisha damu ikajaa na kumwagika kwenye mawe.

Baba alivuka ngazi zilizobaki kwa mruko mmoja. Aliudaka mkono wenye kisu, akaukunja nyuma kinyume cha kiungo mpaka kiwiko kikatoa mlio. Kisu kikaanguka. Kijana wa pili alikimbia na hakuonekana tena. Mambo yangeweza kuishia hapo, kwa sababu yule aliyebaki alikuwa amepiga magoti, mkono unaning'inia, akisema, "Basi mzee, basi."

Mwenye bucha alimshika kisogo akaubamiza uso wake kwenye ukingo wa ngazi. Pua ilipasuka. Akaubamiza tena, meno yakatoka, akarudia na sauti ya yule kijana ikageuka mkoromo. Kisha akamlaza kifudifudi, akamwekea goti mgongoni, akavuta kichwa nyuma kwa mkono wa kushoto, na wa kulia ukaanza kupapasa mawe kukitafuta kisu. Baadaye alimwambia mkewe kwamba wakati ule hasira ilikuwa imeshamtoka. Ilikuwa kazi tu, mikono ilikuwa inaijua njia.

Shangazi aliona mkono ule unavyopapasa, akaelewa. Akamrukia babake na kumng'ang'ania bega, damu yake ikimlowesha shati, akimwambia amwache, ameshalala. Baba hakugeuka. Alimkung'uta kama mtu anayefukuza inzi, na kiwiko kikampata mdomoni. Binti akaenda kugonga ukuta, akateleza chini na kukaa, mdomo umepasuka.

"Baba," Redio akasema kutoka juu ya ngazi. "Umempiga Shangazi."

Hakusema kwa sauti kubwa. Mwenye bucha alisikia. Vidole vilikuwa vimeshashika mpini. Alikitazama kisu, akamtazama binti yake, akakitupa mbali na kusimama.

Watu walikwishajaa. Simu ilipoonekana chini na binti anavuja damu, hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mwanamume mmoja mnene alimpongeza baba kwa kumpiga mgongoni. Mwingine alimpiga teke yule kijana mbavuni, wa tatu akaokota jiwe. Ndipo Shangazi alipojivuta kwa magoti mpaka kwa aliyemchana, akamgeuza ubavu asisongwe na damu yake mwenyewe, akavua mtandio na kuukandamiza usoni pake. Mwenye jiwe alimwambia asogee wammalize mwizi.

"Anza na mimi," akasema.

Mwenye bucha aliingia kati. Jiwe lilimpata begani, teke likamwishia gotini, naye hakurudisha pigo hata moja. Alitanua mikono, akasimama hivyohivyo, akipokea matusi na ngumi, mpaka askari wa ngome walipofika na kuwatawanya watu.

Zahanati ilikuwa chumba kimoja chenye pazia. Upande wa pili wa pazia yule kijana alikuwa akikoroma, akisubiri gari la kumpeleka hospitali kubwa. Muuguzi alimshona Shangazi mkono, kisha akamwinua kidevu na kuuliza mdomo umefanywa na nani, huku askari polisi akiwa ameshika kalamu ya kuandika maelezo. Askari alishaamua shauri lake. Alimwita baba shujaa, akasema kila mzazi angefanya vile, na mdomo bila shaka ni wa yule mwizi.

"Mkono ni yeye," Shangazi alisema, akionyesha pazia. "Mdomo ni baba. Na yule alikuwa ameshaomba basi. Baba alimpiga akiwa chini."

Askari alimtazama baba, akampa nafasi ya kukanusha. Redio alikuwa pembeni, amekumbatia mfuko wa mikate, na tangu ngazini hakuwa amefungua kinywa.

"Andika alivyosema," mwenye bucha akamwambia askari. "Na mimi nilikuwa natafuta kisu. Andika hilo pia."

Yule kijana alipona, ila jicho la kushoto lilikufa na mkono haukunyooka tena. Alifungwa kwa unyang'anyi. Mwenye bucha naye alishtakiwa, akapewa kifungo cha nje, na ndugu zake wakamlaumu mkunga kwa kulea binti anayempeleka babake mahakamani. Mkunga aliwasikiliza mpaka mwisho, akawaambia chai imekwisha na mlango wanaujua.

Nyumbani hakuna aliyenuna, na hilo ndilo lililomuumiza baba. Watoto walimsalimia, walimtengea chakula. Ila akiinuka ghafla mezani, Redio aliinua kiwiko kujikinga uso kabla hajajua anafanya nini, kisha akajifanya anajikuna.

Siku ya kutoa nyuzi, kesi ikiwa bado haijasikilizwa, mkunga alikuwa zamuni, ikabidi baba ampeleke binti. Walikaa kwenye benchi la ubao, nafasi ya mtu mmoja kati yao. Baba alitaka kusema samahani, na alikuwa ameshaisema mara nyingi kiasi kwamba aliona haya kuirudia. Akamuuliza kama mkono unauma. Shangazi akajibu unawasha tu.

Walipoitwa ndani, muuguzi akachukua mkasi, na binti akafumba macho. Baba akanyoosha mkono wake. Shangazi alifumbua jicho moja, akautazama ule mkono kwa muda, vidole vinene, kucha zilizokatwa fupi. Hakuushika. Alishika ncha ya mkono wa shati la babake, akaikunja ndani ya ngumi, na akaishikilia mpaka uzi wa mwisho ulipotoka.