Kidonge Kiganjani

...na kwa nini kipakwe rangi ya chungwa, kama peremende ya kumnyamazishia mtoto, kimekaa tu katikati ya kiganja chake, kikombe cha maji mkono wa pili, na msimamizi mbele yake, "Meza basi, mama, wenzio wanangoja," wanangoja kweli, foleni nzima ya wayeyushaji wa betri kuukuu, na mgongoni kwake, akimpumulia kisogoni, mkwe wake, mke wa mwanawe, tumbo la miezi sita limebanwa ndani ya ovaroli... zamani walipewa maziwa, glasi kila asubuhi, eti maziwa huosha risasi, ile metali ya betri, kifuani, wakayanywa miaka na miaka, wakafuta midomo, wakarudi kwenye tanuru, na fundi wa tanuru, asiyebakiza hata tone, leo hawezi kushika kijiko, mkono umelegea, na kila homa inayopita mtaani haimpiti yeye, hayo ndiyo maziwa, sasa yamepitwa, imekuja sayansi, "Hizi ni antioksidanti, mama, vitamini za kulinda askari wa mwili, zile seli nyeupe za damu," kana kwamba hajui, bintiye anayefanya kazi maabara alimweleza zamani wakimenya viazi, mama, risasi ikiziingia hizo seli huzusha kemikali kali zinazozila kwa ndani, kama kutu inavyokula bati, sasa kule maabara, zile tulizotangulia kuzipa vitamini zilistahimili zaidi, alifurahi huyo, kisu kikasimama hewani... lakini akaongeza neno, neno gani vile, ndiyo, sahani ya maabara si mwili wa mtu, mama, na risasi yenyewe haikwenda popote, ilikuwa bado imo... imo, na feni je, lile feni kubwa la kuvuta moshi, mbona kimya, kimya tangu vidonge vije, aa, kumbe, kidonge kimekuja kushika zamu ya feni, "Kinga ni bora kuliko tiba," msimamizi anacheka, meno yote nje, kinga gani hiyo, kumpa mtu mwavuli huku unamwezulia paa, hasira inampanda, na ni tamu, hajaionja siku nyingi, alizoea kuvumilia, mvumilivu hula mbivu, mbivu ipi, na huyu wa tumboni ale nini, moshi... hapana, hakidharau kidonge, kikisaidia kisaidie, atakimeza, lakini feni likinguruma, si kabla, kwa sababu akimeza yeye atameza mkwe, itameza foleni yote, ndiyo maana wamemweka wa kwanza, mkongwe, akifungua kinywa wote wanafungua, haya, atakifungua, "Mama, mbona umeganda?" kidonge bado kiko kiganjani, maji bado yamejaa kikombeni, msimamizi bado anatabasamu, hajui, maskini, kwamba yule mama aliyekuwa tayari kumeza ameshaondoka mbele yake, na huyu aliyebaki anavuta pumzi aseme, washeni feni kwanza