Taa Mulangoni kwa Raihana

Mwaka wa tisa wa vita, Ilyasi alikuwa amechoka na kupiga video za harusi. Keki, mashangazi wanacheza, keki tena. Akataka filme yake mwenyewe, dakika tano, bila mutu ndani, bila sauti: taa za Bujumbura tu, zinavyowaka na kuzimika.

Mutaa wa Kiriri alishapiga, kule kwa matajiri taa zimejaa. Ilibaki Kinama. Lakini Kinama usiku ni giza, watu wanaficha koroboi chini ya kitanda, risasi isifuate mwanga. Basi muchana akaenda kwa dada yake Raihana, anayekaa kule.

"Dada, leo saa mbili ya usiku weka taa mulangoni. Dakika mbili. Mi nitakuwa ng'ambo, Ngagara, juu ya nyumba ya rafiki yangu Callixte, na kamera."

"We unajua taa mulangoni ni nini huku kwetu?"

"Ni taa, dada. Sitakusumbua tena."

"Ulisema hivyo siku ulipoomba pikipiki." Raihana akacheka bila nguvu. "Haya. Ni kwa vile umekonda."

Saa mbili, couvre-feu, amri ya kutotoka nje, imeshaanza, hakuna mutu njiani. Ilyasi amelala kifudifudi juu ya mabati. Giza. Halafu taa moja ikawaka, ndogo kama punje. Ya pili. Kumi. Zikaanza kutembea, zinapindapinda vichochoroni, zote zinaenda kwa ile ya kwanza. Hakuna harusi iliyomupa kitu kama hicho.

Risasi tatu. Taa zote zikazimika mara moja.

"Fini, filme imekwisha," Ilyasi akasema, roho imefurahi. Ndipo akamukumbuka dada yake, akateremuka mbio, kaseti mufukoni.

Alfajiri, bila kulala, akatembea mupaka Kinama. Uwanja wa Raihana umejaa watu kwenye mikeka. Jirani, mama Daphrose, anakoroga chai. Ilyasi akamusogelea.

"Nani amekufa?"

Mama Daphrose akamuangalia, mwiko ukaanguka.

Raihana akatoka ndani, muzima, macho mekundu, akamuvuta pembeni.

"Huku ukilia usiku unaita askari. Ukifiwa unaweka taa mulangoni, watu wanakuja. Nilifikiri dakika mbili hakuna atakayeona. Wamekuja wote, na sukari yao, mzee Hamissi risasi imemupita sikioni. Ningewaambia ni filme?"

"Ukawaambia nini?"

"Kwamba umekufa we."

Uwanja wote wakasikia. Mzee Hamissi akavua kofia, akajikuna.

"Alhamdulillahi, hajafa. Kaa, kijana, kunywa chai ya matanga yako."

Ilyasi akakaa. Kaseti ilimuchoma mufukoni. Akaitoa, akasema yote, macho chini.

"Na hizo taa," mzee akauliza, "zimeonekana vizuri?"

"Vizuri sana, muzee."

"Basi utatuonyesha. Yangu ni ile ya nyuma kabisa. Goti linaniuma."