Makali ya Mzee Orest

Mimi si mtu wa kumung'unya maneno. Muulize mume wangu, muulize padri, muulize yule kijana wa posta aliyenitupia kifurushi kwenye theluji. Lakini mbele ya Mzee Orest Hnatiuk nilikuwa nafyata ulimi kama kila mtu hapa Stornik. Ndiyo maana Jumatano ile nilijikuta kwenye barabara ya kwenda mji mkubwa wa Saskatoon, gari linateleza, na binti yangu Keely amenuna kiti cha nyuma.

Mzee Orest ndiye anayetunolea viatu vya barafu, vile vyenye chuma chini vya kutelezea. Mashine iko gerejini kwake, na tangu enzi za baba yangu hakuna kiatu cha mji huu ambacho hakijapita mikononi mwake. Hachukui hela. Tangu mkewe Olha atangulie mbele ya haki, tunamshukuru kwa chakula, na zamu yangu mimi ni Ijumaa: majani ya kabichi yaliyokunjwa na wali na nyama ndani, sufuria nzima. Mbwa wake, Borsuk, ananipokea mlangoni kwa furaha kuliko watu wa nyumbani kwangu. Amenenepa yule mbwa mpaka anatembea kwa kupumzika.

Shida ni kwamba siku hizi mzee hanoi, anaharibu. Chuma cha kiatu cha kuchezea densi kwenye barafu kina kingo mbili, na katikati yake kijibonde chembamba. Kingo zikilingana, mtoto anakwenda anakotaka. Ukingo mmoja ukiuzidi mwingine, kiatu ndicho kinachoamua safari. Jumamosi Keely alikuwa acheze peke yake mbele ya mji mzima kwenye onyesho la kufunga msimu, mara yake ya kwanza, na tangu anolewe viatu alikuwa anakwenda kushoto tu. Akiruka, anatua kwa makalio. Jumatatu alianguka mbele ya wavulana wa hoki, nao wakampigia makofi.

"Mimi sichezi tena," alisema kule nyuma. "Wampe mtu mwingine."

"Utacheza. Tunakwenda kuvinoa upya, tunarudi, mambo yamekwisha."

"Halafu Ijumaa utamwambia Mzee Orest asante, umenoa vizuri?"

"Nitamwambia asante."

"Mama, si wewe unayesemaga mficha uchi hazai?"

"Yule ni mzee na amefiwa. Huwezi kumvunja moyo mtu kama yule. Hebu tazama nje huko."

Nje kulikuwa na theluji tupu, na alilijua hilo.

Kwenye duka la michezo la Saskatoon, fundi alikiinua kiatu cha Keely kwenye mwanga, akafumba jicho moja, kisha akacheka.

"Mmetoka Stornik?"

"Umejuaje?"

"Viatu vya kwenu vyote vinavuta kushoto. Wiki nzima navipokea. Nikadhani labda mji wenyewe umeinama."

Nilitaka kumuuliza ni nani wengine waliokuja, ila nikaona buti nyekundu zimechomoza chini ya rafu ya magongo ya hoki. Buti zile nazijua. Ni za Doreen Kozak, mwenyekiti wa klabu yetu ya watoto, ambaye kila Jumapili baada ya misa humsifu Mzee Orest kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye maegesho.

"Doreen, toka huko. Buti zako nimeziona."

"Nilikuwa naangalia magongo," akasema, akijitokeza na mfuko wa viatu mgongoni.

"Na hilo goti lako bovu? Unacheza timu gani?"

"Na wewe umefuata nini? Maziwa?"

Tulitazamana, tukaanza kucheka sote wawili. Hapo mlango ukafunguka, upepo ukaingia, na nyuma ya upepo akaingia Mzee Orest mwenyewe, kofia imemfunika masikio, mkononi kashika kimfuko cha pinki. Doreen akarudi nyuma ya magongo. Mimi nikakifunika kiatu cha Keely kwa skafu yangu, kana kwamba mzee hajawahi kuona kiatu.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba, Lorna. Barabara mbaya leo."

"Mbaya sana."

"Mkwe wangu ndiye aliyenileta. Yuko garini."

Keely, ambaye hakulelewa na mtu mwingine ila mimi, akauliza, "Babu, umekuja kufanya nini?"

Mzee akaweka kimfuko juu ya kaunta. "Viatu vya mjukuu wangu. Nilimnolea mwenyewe. Jumapili kaanguka, kachubuka kidevu chote."

Ningeweza kurudi kwenye habari za barabara. Yeyote wa kwetu angerudi huko. Lakini Keely alikuwa ananitazama, na kwa kweli niliona aibu.

"Mzee Orest, unanoa vibaya," nikasema. "Siku nyingi sasa. Sote tunakuja huku kwa siri."

Akaketi kwenye benchi ambako watoto hujaribia viatu. Nikasema moyoni, haya, Lorna, umemuua.

"Mungu akubariki," akasema. "Nilidhani hamtasema mpaka nife. Macho yamekwisha. Sioni chuma, nakipapasa tu."

"Sasa si ungeifunga mashine?" Doreen akauliza kutoka kwenye magongo.

"Niifunge vipi, Doreen, na wewe unanisifu mbele ya padri?" Akavua kofia, akawa anaizungusha mikononi. "Halafu nikiifunga, Ijumaa nani atakuja?"

Mimi nililia, palepale, mbele ya fundi.

"Nitakuja mimi," nikasema. "Na asiyekuja nitamfuata kwake."

"Vizuri." Akajifuta pua. "Basi kwa kuwa leo tunaambiana ukweli, Lorna, zile kabichi zako."

"Zina nini?"

"Anakula Borsuk."

"Zote?"

"Mimi nilionja moja. Ile ya kwanza kabisa."

Doreen alicheka mpaka rafu ya magongo ikaanguka.

Jumamosi Keely alikwenda kulia, akaenda kushoto, akaruka na kutua kwa mguu, na wavulana wa hoki wakapiga makofi bila kuambiwa. Siku hizi viatu bado tunavipeleka kwa Mzee Orest. Anavikusanya, na mkwe wake anampeleka navyo Saskatoon. Ijumaa iliyofuata alinisimamia jikoni kwake akinionyesha Olha alivyokuwa akipika: chumvi kiasi hiki, vitunguu uvikaange kwanza, moto punguza, mwanamke una haraka gani. Nilikasirika mpaka nilipoonja. Mzee alikula, akaongeza, akaongeza tena. Borsuk alikaa chini ya meza akisubiri sufuria yake, na siku hiyo hakupata hata kabichi moja.