Kona Kabla ya Hita

Hita ilipojizima mara ya tatu, Maganga hakugeuka. Alijua kuna watu wawili wanamtazama mgongoni.

"Fundi," akasema Mama Asteria, "hiyo ni mashine au mtoto wa kudeka?"

Maganga alikuwa amepiga magoti kwenye maranda ya mbao yaliyotandazwa sakafuni, ndani ya banda jipya la kuku la mama huyo pale Nyasubi, Kahama. Mtambo wenyewe haukuwa wa ajabu. Feni iliyofungwa nje ya ukuta inasukuma hewa kwenye bomba pana la bati, ndani ya bomba kuna hita ya umeme, na upande wa pili hewa inatoka ikiwa moto kuwapasha vifaranga. Feni isipozunguka, hita haiwaki. Na juu ya hita kuna kidude, ukubwa wa kifuniko cha soda, kinachokata umeme joto likizidi. Hicho ndicho kilichokuwa kikikata kila baada ya dakika kumi.

Saa nne na nusu asubuhi. Vifaranga mia tano walikuwa ndani ya basi wakitokea Mwanza, na basi lingeingia Kahama saa nane.

Kundi la kwanza la Mama Asteria lilikufa mwezi wa sita. Mkaa ulizimika alfajiri, baridi ikaingia, vifaranga wakarundikana kona moja kutafuta joto mpaka wakakosa pumzi. Aliwazoa kwa koleo. Ndiyo sababu alitaka hita, na ndiyo sababu alimtaka Maganga na si mwingine. Alimjua tangu machimbo ya Mwakitolyo. Yeye alikuwa akiwapikia wachimbaji, Maganga akiwafungia feni za kupeleka hewa kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu. Watu walishuka chini kwa kuamini kazi ya mikono yake.

"Kidude kibovu hicho," akasema mzee Kalisti, shemeji yake Mama Asteria, mlinzi wa banda. "Kiruke. Unga waya moja kwa moja tukale."

"Mzee, usinifundishe kazi."

"Sikufundishi. Nimeona umepiga magoti muda mrefu, nikadhani unasali."

Kukiruka ni kazi ya dakika mbili. Maganga alishawahi kuruka vidude vya namna hiyo, na hakuna fundi wa Kahama atakayeapa kwamba hajawahi. Alizima swichi kubwa, akatoa waya, akaumenya ncha. Ndipo magoti yakamwasha, akatazama alichopigia magoti. Maranda makavu, kina cha kiganja, ukuta kwa ukuta. Cheche moja tu ingetosha.

Akawaza jambo jingine. Kidude kikipoa kinarudi. Kinakata tena, dakika kumi zilezile. Kitu kibovu hakina ratiba.

Akauchomoa kabisa waya wa hita, akawasha feni peke yake. "Mzee, nenda kwenye tundu la kutokea. Hewa inafika?"

"Inafika! Inanipeperusha kofia!"

Hivyo ndivyo Maganga alivyopima hewa miaka kumi na mitano. Unapiga kelele shimoni, aliye chini anajibu inafika, kazi imekwisha. Bomba la plastiki unalipinda unavyotaka, lizunguke gogo, lizunguke jiwe, haidhuru. Shimoni hewa ikifika imefika.

Akachomoa uzi kwenye gunia la chakula cha kuku, akaufunga kwenye kijiti, akaupitisha kwenye tundu la ukaguzi mbele ya hita. Upande wa kulia uzi ulinyooka ukatetemeka. Akausogeza kushoto. Uzi ukalegea, ukaning'inia kama mkia wa ng'ombe aliyelala.

Alirudia mara mbili, ingawa mara moja ilitosha. Bomba lilikata kona mara tu linapoingia ukutani, na hita ilikuwa imefungwa palepale baada ya kona. Hewa ikitoka kwenye kona inakimbilia upande mmoja. Nusu ya koili zilipata upepo, nusu zilikuwa zinajichoma zenyewe. Kona aliiweka yeye, ili atumie tundu lililokuwepo, asitoboe ukuta mara ya pili.

Angeweza kusema hita ni feki. Nani angembishia? Vitu feki vimejaa mjini, na lawama ingekwenda dukani. Mama Asteria angelaani muuza duka, kidude kingerukwa, na saa nane vifaranga wangeingia kwenye joto zuri kabisa. Labda wiki moja. Labda siku moja.

Akasimama, akapangusa magoti.

"Mama Asteria, hita ni nzima. Kosa ni langu. Nimefunga kama nafunga duara."

"Unasemaje?"

"Lazima nifumue. Hita iende mbele, mbali na kona, hatua mbili nzima, hewa ipate kutulia. Sitamaliza kabla ya jioni."

Mama Asteria akaweka mikono kiunoni. "Jioni! Hao watoto wa watu nitawaweka wapi? Mfukoni? Mimi nimekuita wewe, Maganga. Ningemtaka mbahatishaji, mbona wamejaa!"

"Ni kweli, mama."

"Usiniambie ni kweli!"

Kalisti akainama, akaanza kukusanya vipande vya waya.

Mwishowe mama akatoka. Wakamsikia akikokota makochi ya sebule, moja moja, mpaka nje uani. Akawasha majiko mawili, akasubiri mkaa uwe mwekundu na moshi uishe ndipo akayaingiza, madirisha ya juu akayaacha wazi. Vifaranga walifika, wakapokelewa sebuleni. Alikaa nao mwenyewe, hakumwachia mtu.

Maganga alikata bati mchana kutwa. Saa kumi na mbili jioni uzi ulinyooka kulia, kushoto na katikati. Akaunga waya wa hita, kidude kikiwa mahali pake, akawasha. Dakika kumi zikapita. Thelathini. Saa nzima. Akaenda mlangoni kwa mama.

"Banda liko tayari. Unaweza kuwahamisha."

Mama Asteria alikuwa kwenye kigoda, vifaranga wamemzunguka miguuni. Hakuinuka.

"Wanalala kwangu," akasema. "Hita yako ikae siku tatu inapasha banda tupu. Na wewe ukae nayo."

"Sawa, mama."

Akarudi bandani, akageuza ndoo, akakaa mbele ya bomba.