Mgeni Nyumbani kwa Mwalimu Luhaga

Mwalimu Luhaga alikuwa na imani moja kuhusu methali: mtoto haielewi mpaka aitende. Imani hiyo ilikwisha kumgharimu jirani yake Machibya kitoweo cha jioni, maana baada ya somo la methali ya samaki, mwanawe alifika nyumbani akawakunja migongo kambare wote wa mama yake. Luhaga alimpa alama zote.

Basi wiki ya methali ya mgeni na jembe ikamkuta mwenyewe ana mgeni. Na mgeni gani! Mama Apolonia, mkwewe, ametoka Malampaka kuja kuona kama nyumba hii ni ya kumrudishia binti. Milembe aliondoka mwanzoni mwa mvua, mtoto mgongoni, bila kugombana na mtu. Luhaga aliapa kwamba hajui kosa lake. Alimtaka mkewe arudi, alimtaka sana. Alikuwa amemkumbuka hata anavyokohoa.

Shida ni kwamba Msukuma hamkabili mama mkwe. Hasemi naye uso kwa uso, hali chakula mbele yake, akimwona njiani anapinda. Zamani kila mji ulikuwa na ua wa minyaa, mtu akajificha kwa heshima zake. Tangu watu wahamishiwe kijiji cha ujamaa, nyumba zimepangwa mstari mmoja kama askari, minyaa hakuna, na mwalimu alibaki na banda la kuku. Alijibanza nyuma yake, na salamu zikapelekwa na Felisita wa darasa la nne, binti wa jirani.

Jumamosi, siku ya tatu ya mgeni, Felisita alipita na jembe lake la shule begani.

"Unakwenda wapi?" Luhaga alimwuliza kutoka nyuma ya banda.

"Kwa mgeni, Mwalimu. Leo ndiyo leo."

Luhaga aliinuka amzuie. Angemkimbilia, lakini Mama Apolonia alikuwa amekaa mlangoni anakula michembe, viazi vyake vya kukausha alivyokuja navyo, na kumkimbilia mtoto kulikuwa kumkimbilia mkwe. Akachuchumaa. Kuku wakampisha.

"Mwangaluka, mayu," Felisita alimsalimu mama kwa Kisukuma. Akapiga goti, akaliweka jembe miguuni pa mama yule. "Mwalimu ametufundisha."

Mama Apolonia alitafuna kiazi chake mpaka kikaisha. Alilitazama jembe, kisha akalitazama shamba la nyuma ya nyumba. Nyasi zilikuwa kiunoni, zimemeza matuta yote aliyoacha Milembe.

"Felisita!" Luhaga alinong'ona, mnong'ono ambao mstari mzima wa nyumba uliusikia. "Mwambie anayesemwa si yeye! Maana yake ni kwamba mtu asile jasho la wenzake!"

Felisita aliyarudia yote kwa sauti ya darasani, kana kwamba mama hakusikia.

"Mwulize mwalimu wako, shamba hili nani alikuwa analima?"

Felisita alikwenda, akauliza, akarudi.

"Anasema yeye yuko shamba la shule, anafundisha kujitegemea."

"Na jioni?"

Hilo hakulipeleka, alilijua. "Jioni ana mikutano. Alikuwa analima mayu Milembe. Na mtoto mgongoni."

"Na ugali alikuwa anakula nani?"

Nyuma ya banda Luhaga hakungoja aletewe swali.

"Mwambie mimi," alisema.

Mama Apolonia alijifuta vidole kwenye khanga. "Mwanangu, umesoma vizuri. Ila umekosea mgeni. Mpelekee mwenyewe."

Felisita alilibeba jembe, akaliweka miguuni pa mwalimu wake, akapiga goti vilevile.

Luhaga alilichukua jembe. Alivua shati, akalitundika bandani, akaanza kulima, mlango akiupa mgongo kama heshima inavyotaka. Alipoinuka jioni, mkwe alikuwa keshapanda lori. Felisita alikuwa amesimama pembeni ya shamba.

"Amesemaje?"

"Mayu Milembe atarudi ukifika na jembe kwenye mpaka wa shamba la Machibya."

"Na nani atampa habari kwamba nimefika?"

"Mimi, kwa dereva wa lori. Ila nimeambiwa nikague kwanza." Felisita aliinama, akafumba jicho moja, akalipima tuta. "Hili limepinda, Mwalimu."

Luhaga akalivunja, akaanza upya.